Mlima Wenye Mkazi Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza wala kiti. Nilipewa kipande cha chaki na kuambiwa nimfuate Shefu wa Biro, mkuu wa ofisi ya kuhesabu watu hapa Uvira, mtu mrefu mwenye hasira za haraka na miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulikwenda mtaa wa Rugenge, tukasimama mbele ya nyumba ya matofali ya udongo, akaniuliza ina kaya ngapi. Niliona mlango mmoja, nikajibu kaya moja. Alinishika bega akanipeleka hadi nyuma ya nyumba. Kule uani mbabula tatu za makaa zilikuwa zinawaka, kila moja na sufuria yake, na kila sufuria na mama yake.

"Kaya ni batu benye banakula ku sufuria moja," alisema. "Mulango haina kazi. Weye, kuanzia leo, hesabu mbabula."

Nilikuwa nimetoka shule na diploma yangu mkononi, nikidhani nitakaa kivulini nikigonga mihuri. Viatu vyangu vya kisigino viliishia kwenye matope ya Rugenge siku hiyo hiyo. Jioni Shefu alinituma nirudie avenyi nzima, yaani barabara na nyumba zake zote, kwa sababu nilikuwa nimewasahau wapangaji wa vyumba vya nyuma, na kwa sababu, alisema, nilikuwa naandika kama mtu anayeogopa kuuliza. Nilimchukia kwa mwezi mzima. Leo namkumbuka kwa heshima.

Ninyi vijana mnaohesabu watu kwa simu na kwa picha zinazopigwa kutoka angani, mniwie radhi nikiwaeleza mambo ya chaki. Sisi tulipita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba iliyokwisha tuliitia alama mlangoni ili mwenzako asiirudie. Kila mtu tulimweka katika moja ya mafungu matatu. Kuna mkazi aliyepo, huyo hana shida. Kuna mgeni, amelala hapa lakini kwake ni kwingine. Na kuna mkazi asiyekuwepo, yule aliyetoka kwa muda na atarudi. Kanuni yetu ilisema kwamba aliyetoka zaidi ya miezi sita anahesabiwa kule anakoishi sasa. Kwenye karatasi kanuni hiyo ilionekana kitu chepesi kabisa.

Kila mahali palikuwa na ujanja wake. Huku ziwani hatukuhesabu katika siku za giza, maana wavuvi wa ndagala huwa majini na taa zao usiku kucha, na mke akiulizwa kama mumewe alilala nyumbani anajibu kweli tupu kwamba hakulala. Tulingoja mwezi mpevu, ndagala wanapoikataa taa na wanaume wanapokaa nyumbani wakishona nyavu. Kuna mkaguzi mmoja alilinganisha hesabu ya gizani na ile ya mbalamwezi, akatutuhumu kwamba tumetunga wanaume. Tulicheka mpaka tukashikwa na woga, kwa sababu barua yake ya kutufukuza ilikuwa tayari imeandikwa. Ilibidi wavuvi wenyewe waje kujionyesha ofisini, nao walikuja wananuka samaki makusudi.

Baadaye nilipelekwa Kamanyola, kule juu kwenye bonde, ambako mtu anaamka Kongo, analima, anauza nyanya kwa Wanyarwanda mchana, na shemeji zake wako Burundi. Shefu wa Poste, mkuu wa kituo cha pale, alikuwa na amri moja tu. "Siku ya soko usihesabu," alituambia, "utanihesabia inchi tatu." Nilikaa Kamanyola miaka kadhaa, nikaolewa huko, nikazaa huko, nikarudi Uvira nikiwa msimamizi wa mahesabu ya mji. Watoto wa avenyi walinibatiza Mama Hesabu, na jina hilo halijanitoka hadi leo.

Sasa niwaambie jambo ambalo watu wengi hawalijui. Sensa kamili ya nchi, ile ya kuhesabu kila mtu kila mahali kwa wakati mmoja, haijafanyika tangu mimi nikiwa na meno yote. Tulichokuwa tunafanya ni kuchukua namba ya mwaka jana na kuiongezea sehemu ndogo ya watoto wanaozaliwa. Hayo ndiyo makadirio. Ukikosea mara ya kwanza, kosa lako linazaa nalo kila mwaka. Isitoshe, makadirio hayana habari za vita. Hayakujua kwamba watu wa milimani na wa bondeni walikuwa wanashuka na mikeka kichwani na kuingia Uvira, familia nne katika nyumba ya familia moja. Ndiyo maana nilikuta Uvira tatu zikiishi pamoja: Uvira ya ofisi yetu, Uvira ya hospitali, na Uvira ya orodha ya wapiga kura. Hazikulingana hata siku moja, na wakubwa walichagua ile iliyowafaa.

Kila mwanzo wa mwaka mashefu wa lokalite, yaani wakuu wa vijiji, walikuja ofisini kutangaza watu wao. Mmoja wao alikuwa mzee Rukema, shefu wa kijiji kimoja cha wachungaji kule Bijombo, milimani. Kijiji chake kilikuwa kimechomwa na ng'ombe wamechukuliwa, na watu wote wamekimbia. Yeye mwenyewe alikuwa amepanga vyumba viwili Rugenge. Lakini alikuja na kofia yake na fimbo yake, akaketi wima, akanitajia nyumba moja baada ya nyingine, wanaume, wanawake, watoto, wote wapo, wote kule juu. Hakusoma popote. Alikuwa nao wote kichwani.

"Mzee," nilimwambia mwaka wa kwanza, "bantu yenu bote biko hapa Rugenge. Minye nabaona ku soko kila siku."

"Biko hapa, ndiyo. Lakini ni bantu ba kule."

"Kanuni inasema miezi sita."

"Muntu akienda ku soko, munamufuta ku nyumba yake?"

"Soko gani ya miaka yote hii, mzee?"

"Iko soko ya mbali," alisema, akaweka kidole gumba chake kwenye wino.

Mzee huyo hakuwa mwongo. Sababu zake alinieleza polepole, siku nyingine, tukiwa tunangoja mvua iishe. Lokalite inayoandikwa zero mwaka huu, mwaka unaofuata haitokei tena kwenye orodha ya lokalite. Ikishatoka kwenye orodha, atakuja mtu na kusema ardhi ile haina mwenyewe. Aliliona hilo likiwapata wengine. Shefu wa Biro wa wakati huo hakutaka maneno marefu, akazipitisha namba zake mwaka baada ya mwaka. Sisi wote tulijua kwamba watu wale wanaandikwa milimani, na kwamba wengi wao hawaonekani kabisa katika hesabu ya Rugenge.

Halafu Shefu yule alistaafu, akaja mwingine kutoka Bukavu, kijana bado, msomi wa takwimu. Tulimwita Virgule, kwa ile alama ya desimali, maana hakukubali namba yoyote bila vipande vyake vya nyuma. Alikuwa mkali, lakini hakumwonea mtu. Alikuwa hajamaliza hata miezi yake ya kwanza surua ilipoingia mjini.

Chanjo hugawanywa kwa hesabu ya watu. Daktari Mkuu wa zoni ya afya huchukua namba ya mtaa au ya kijiji, anatoa sehemu ya watoto, anaomba dozi zinazotosha. Basi dozi za watoto wa Bijombo zilipanda Bijombo. Wabebaji walizipandisha kwa mgongo, kwenye masanduku ya barafu, wakafika kwenye kilima chenye kuta nyeusi na migomba iliyoota ovyo. Hawakukuta mtoto wa kumchoma sindano. Waliporudi barafu ilikuwa maji, na chanjo ikishapata joto inamwagwa. Wakati huo huo, Rugenge, dozi ziliisha kabla ya adhuhuri. Nilikuwepo. Niliona muuguzi akifunga sanduku na mstari wa akina mama bado unafika barabarani. 

Katika mstari ule alikuwamo mama mmoja kijana aliyembeba binti yake Neema mgongoni. Alikuwa mkwe wa mzee Rukema, mke wa mwanawe aliyepotelea vitani. Baada ya muda si mrefu Neema alilazwa na surua.

Daktari Mkuu alikuja ofisini kwetu akiwa amevaa koti lake jeupe, hakuketi. "Dozi za pili ninaziomba mwisho wa juma hili," alisema. "Mimi siwezi kuombea batoto benye karatasi yenu inasema banaishi ku mulima. Munipatie Rugenge ya kweli." Virgule alifungua mahesabu yetu, akatazama lokalite ya mzee Rukema, akanitazama mimi. Nilimweleza yote. Alitaka kuisahihisha palepale, lakini tangazo la shefu wa lokalite husahihishwa na shefu mwenyewe, kwa mkono wake. Bila hicho kidole gumba, watoto wa wale wachungaji wangebaki mlimani kwenye karatasi na hospitalini kwa miili yao. Tukamwita mzee.

Alikuja na kofia na fimbo, akaketi mahali pake pa kawaida. Hatujaanza vizuri, mkwe wake akabisha hodi, ametoka hospitalini moja kwa moja. Niwaeleze kwamba kwa desturi yao mwanamke hamkabili baba mkwe wake wala hasemi naye ana kwa ana. Mama Neema alijifunika kitenge kichwani, akaketi ubavu kwake, uso kwangu. Chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba magoti yetu yalikaribia kugusana, lakini maneno yote yalipita kwangu.

"Mama, mumuambie baba, Neema hafungue macho tangu jana."

Nilimgeukia mzee nikarudia, ingawa alikuwa amesikia.

"Muambie nimesikia," alisema mzee. Alikuwa anatazama dirisha.

"Mumuambie batoto ba kwetu bamejaa mu ile chumba. Dawa yabo ilipanda kule kwetu, ikakuta mawe."

"Muambie chini ya ile mawe njo kuko mababu ya Neema."

"Mumuambie najua." Alivuta kitenge mbele zaidi. "Mumuambie minye pia nilizaliwa kule. Mafiga ya mama yangu najua pa iko. Lakini Neema anagonjwa hapa. Hagonjwe kule."

Sikuirudia hiyo. Sikuweza, na haikuwa na haja. Mzee alishika fimbo yake, nikadhani atasimama aende zake. Mwishowe alimgeukia Virgule.

"Nikisema bote biko hapa, utaandika nini kule?"

"Zero, mzee."

"Na mwaka kesho?"

"Mwaka kesho lokalite yenye iko na zero haitatokea ku liste." Virgule alilisema wazi, hakumdanganya mzee hata kidogo, na kwa hilo nilimpenda.

Mzee Rukema alivua kofia yake. Miaka yote ile sikuwahi kumwona kichwa wazi. "Andika bote Rugenge," alisema. "Kule, uniache minye peke yangu."

"Mzee, weye unalala Rugenge."

"Nalala. Sijahama."

Nilijua Virgule atakataa. Mtu aliyeturudishia karatasi kwa ajili ya vipande vya desimali angewezaje kumweka mzee mmoja kwenye kilima kitupu? Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Kisha akaniambia kwa sauti ile ile ya kazi, "Mtumishi wa serikali anahesabiwa ku poste yake. Shefu wa lokalite ni mtumishi. Poste yake iko kule. Andika moja."

Mzee alitia kidole kwenye wino, akatutajia watu wake nyumba kwa nyumba kwa mara nyingine, na safari hii kila aliyemtaja nilimweka Rugenge. Ilichukua muda mrefu. Mama Neema aliondoka katikati kurudi hospitalini, na mzee alipokuwa anataja kaya yake mwenyewe, alipofika kwa Neema, alilitaja jina mara mbili ndipo akaendelea.

Baadaye, mzee alipokwisha kutoka, Virgule alisimama mlangoni akitazama ziwa. "Mwaka huu hesabu yetu ina kosa la muntu moja," alisema, "na minye najua pa liko. Ile makosa ingine yote hatujue hata pa iko." Kisha akanirudishia karatasi ya Kamanyola kwa sababu ya desimali.

Dozi za pili zilikuja kwa namba mpya, na zilitosha. Neema alipona, ila jicho lake la kushoto lilibaki na ukungu. Wengine katika chumba kile hawakupona. Nilikwenda kwenye misiba yao, nikakaa mkekani na mama zao, na hakuna kitu katika kazi yangu nilichokionea uchungu kama kukaa pale nikijua dozi zao zilimwagwa wapi na kwa nini.

Tangu hapo mzee Rukema alikuja kila mwanzo wa mwaka kama kawaida. Aliketi, nikamuuliza lokalite yako ina wakazi wangapi, naye akajibu, "Moja." Mwanaume, nikaandika, mzee. Mara moja ofisi ya juu ilipiga simu kutoka Bukavu kuuliza kama tumesahau kuandika zero mbili baada ya ile moja. Niliwajibu kwamba hatukusahau. Waliniuliza ni mtu gani anayeishi peke yake kwenye mlima mzima, nikawaambia ni shefu wake.

Sasa nimestaafu. Virgule alihamishwa, mimi nikakalia kiti chake miaka yangu ya mwisho, na siku hizi nakaa barazani nikisikiliza redio ikitaja watu wa Uvira kwa namba moja iliyonyooka, bila aibu. Mjukuu wangu anacheka nikiiuliza redio ni Uvira ipi hiyo. Mji huu unajaa na kupungua kwa vita, kwa mafuriko, kwa mwezi wa wavuvi, kwa hofu ya mtu anayeficha wageni wake na tamaa ya mwingine anayewazidisha. Anayewaambia kwamba anajua idadi yake hadi mtu wa mwisho, mwulizeni alihesabu lini na alianzia wapi. Nanyi mtakaoshika kazi hii, msione aibu kusema "karibu na", mradi mseme pia mnakosea upande gani, na nani atakayeumia kwa kosa hilo. Mimi nilichelewa kujifunza kwamba karibu kila kosa lina mtu wake.

Jambo la mwisho nililoliandika kazini nililiandika juma lile lile nililokabidhi ofisi. Mzee Rukema alikuwa amefariki, Rugenge, kitandani. Njia ya Bijombo haikuwa salama, wakamzika hapa. Nilikuwa nimekwisha kufikiria mstari wa lokalite yake, na nilikuwa nimekwisha kujua kwamba kwa kanuni sina la kufanya. Kiti kimebaki wazi, namba ni zero. Nilikuwa nimeshika kalamu Mama Neema alipobisha hodi.

Alikuwa ameanza mvi. Aliketi, safari hii uso wake wazi, maana hakuwa tena na wa kumwepuka.

"Mama, nimekuja juu ya kule."

"Pole sana kwa mzee."

"Asante. Banaume bote ba kwetu bamekimbia tena, biko mu makambi, ngambo ya Burundi. Wazee bamepiga simu. Bamesema nikalie kiti mpaka muntu atapatikana." Alitazama mikono yake. "Minye njo nilimuondolea bantu bake hapa, mbele yenu. Bamesahau, ao bamenisamehe, sijue. Munifute Rugenge, mama. Muniandike kule."

Nilimuuliza kama anaelewa maana yake: kwamba katika hesabu ya mji hatakuwepo, wala kwenye maji, wala kwenye vyandarua, wala kwenye dawa itakayogawanywa kwa hesabu ile. Alisema anaelewa kuliko mimi.

"Na Neema?"

"Neema abakie hapa," alisema haraka, kana kwamba nilitaka kumchukua. "Yeye mumuache ku dawa."

Nikaandika: mkazi mmoja, mwanamke.